Wimbo wa Bure

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asihangaike. Haya ndiyo yaliyokwisha kumfika Swabra Ismail, nami nayaandika kama alivyonihadithia mwenyewe, kwa idhini yake, bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Redio aliyoitumikia miaka saba ilifunga ofisi yake ya Mombasa. Mwezi huo huo mumewe akampa talaka. Akarudi Bofu kwa mamake, Bi Mwanasaumu, akatundika magodoro kwenye kuta za chumba cha uani, akakiita studio. Majirani wakacheka. Yeye akangoja kazi.

Kazi ikaja: tangazo la redio la kliniki ya kujifungulia ya Sista Fancy, mkunga wa Changamwe. Palihitajika sauti ya mama akimbembeleza mtoto. Swabra akaingia mtandaoni, kwenye ghala moja ambamo watu huweka nyimbo na picha zao ziwe huru kwa kila mtu. Humo akamkuta mwanamke akiimba kwa Kigiriama, bila ngoma, bila chochote, kwa sauti ya kumsimamisha mtu njiani.

Chini ya wimbo paliandikwa: "Nimerekodi mwenyewe. Tumieni mpendavyo, mradi mnitaje. Munga."

Swabra akamtaja, kama alivyotakiwa. Tangazo likaruka hewani mara sita kwa siku, wiki mbili nzima, na kliniki ikajaa. Kisha, Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, Sista Fancy akapiga simu.

"Swabra, njoo sasa hivi. Wimbo wako umenitorosha mgonjwa."

Hapo ndipo tulipomwacha.

Bi Mwanasaumu alimwona akivaa buibui kinyumenyume, akamwita.

"Abee, mama."

"Wenda wapi na uso huo?"

Swabra alimwambia kwamba kuna kasoro kidogo kazini. Mamake akamtazama, akamgeuzia buibui vizuri kama alivyokuwa akimfanyia utotoni. Swabra akatoka mbio, akapanda bodaboda, wakaikamata barabara mpya ya Dongo Kundu. Kabla ya saa tatu alikuwa Changamwe.

Sista Fancy hakumpa kiti. Walizungumza wima, mlangoni mwa chumba cha dawa, kwa sauti ya chini, maana ndani walikuwamo wanawake wawili wenye uchungu.

Mgonjwa aliyetoroka aliitwa Kafedha. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa safarini na lori, Malaba. Mtoto alikaa kikingama na presha ya mama ilikuwa imepanda. Hakuwa wa kuzalia kliniki, alikuwa wa kupasuliwa. Jana alasiri alikuja maumivu yakimwanza kwa mbali. Sista Fancy alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, akamkalisha kwenye benchi wakati gari likitafutwa. Redio ya mapokezi ilikuwa imewashwa. Tangazo likaingia.

"Alisimama akashika kiuno," alisema Sista Fancy. "Akaniuliza, 'Sista, mbona mnanizika nami ni mzima?' Nikadhani ni uchungu unampanda kichwani. Nikaenda kumletea maji. Kurudi, benchi tupu, barua iko sakafuni."

Yaliyobaki Sista Fancy aliyapata kwa mama aliyekuwa amekaa na Kafedha. Kafedha alimwambia kwamba anayeimba mle redioni ni mamake mzazi. Wimbo ule mamake aliuimba mara moja tu, siku walipomzika dadake Kafedha, Sidi, miaka mitatu nyuma. Sidi alikufa akijifungua.

Swabra alijiegemeza ukutani.

Wimbo ulikuwa na mistari mitatu. Miwili ya kwanza aliielewa: lala mwanangu, kitanda nimekutandikia mwenyewe. Wa tatu ulikuwa na maneno ya ndani asiyoyajua, na tangazo lilikuwa la nusu dakika, basi akaukata. Kafedha aliumalizia pale pale kwenye benchi, na yule mama wa benchini akamtafsiria Sista: kesho usiamke kunisalimu, mimi ndiye nitakayekuja.

"Uliuliza anayeimba ni nani?" Sista Fancy alisema.

"Palikuwa na jina. Na ruhusa iliandikwa."

"Munga ni jina la mwanamume. Anayeimba ni mwanamke. Hilo halikukushtua?"

Halikumshtua. Alikuwa ametafuta sauti siku nne, na alipoona neno huru moyo wake ulitulia, akaacha kuuliza. Ruhusa ilikuwapo, hilo ni kweli. Lakini mtu anaweza kukuruhusu uingie nyumba ambayo si yake, na wewe ukaingia na viatu.

Sista Fancy akatoa karatasi kwenye droo, akamwonyesha sahihi yake mwenyewe: kila kitu kilichomo tangazoni kimepatikana kihalali, na likizuka lolote mtengenezaji ndiye atakayejibu. Akamwambia kwamba hamtishi, anamkumbusha tu. Kisha akamwambia jambo la pili, na hilo lilikuwa tishio: jina la kliniki lisitajwe popote. Wajawazito wakisikia kwamba pale huimbiwa kilio, hatakanyaga mtu.

"Mimi siwezi kuwaacha hawa wawili," alisema. "Kadi inasema mamake anakaa Mlaleo, Kisauni. Mtafute. Yule binti akipitisha leo bila daktari, tutawapoteza wote wawili, yeye na mtoto."

Swabra aliwapigia kwanza redio iliyokuwa ikilirusha tangazo, liondolewe. Aliyepokea alikuwa Rashad, waliyefanya naye kazi katika ile redio iliyofunga, ambaye sasa anatangaza kipindi cha akina mama kwenye hii. Rashad alimwambia kwamba matangazo yote hupangwa Nairobi, na ofisi ya Nairobi hufunguliwa Jumatatu. Yeye akiwa Mombasa hana hata kitufe cha kulizima.

Kwa hiyo leo lingeimba mara sita. Na kesho mara sita.

Akiwa nje ya kliniki, akingoja bodaboda, ndipo alipofanya lile ambalo alipaswa kulifanya mwezi uliopita. Alifungua ukurasa wa Munga, akaushuka wote. Sauti arobaini na tatu. Wazee wakibishana bao. Watoto wa chekechea wakihesabu. Muuza samaki akinadi. Bibi harusi akicheka na wenzake chumbani, bila shaka hajui kwamba anarekodiwa. Kila moja chini yake: nimerekodi mwenyewe, tumieni mpendavyo. Na kila moja ilikuwa na mahali pa kumwandikia mwenyewe swali. Hakuna aliyeuliza chochote.

Dakika tano zilitosha. Mtu mmoja hawezi kuwa na sauti za watu wote hawa halafu zikawa zake. Swabra akatamka neno moja peke yake barabarani: mwizi.

Mlaleo hakuhangaika kupata nyumba. Kila mtu alimjua Bi Dama Thoya, muuza mboga wa Kongowea, na kila mtu alijua kwamba leo hakwenda sokoni.

Alimkuta mlangoni, amekaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, mikono mapajani. Ndani mlisikika mtu akihema kwa kuvuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kama umekuja kwa heri."

Swabra alikuwa ametunga maneno njia nzima, tangu Kibarani mpaka daraja la Nyali. Yote yakamtoka. Alipiga magoti pale vumbini akasema kwamba yeye ndiye aliyeutia wimbo redioni. Hakujua maana yake. Hakuuliza. Alidhani ni wa kulaza mtoto.

Bi Dama hakumkaripia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza sauti yake imetokea wapi. Swabra akamweleza habari ya ghala la mtandaoni, jinsi mtu anavyoweka kitu na walimwengu wote wakakichukua.

"Na mimi aliniweka nani?"

"Mtu anaitwa Munga."

Hapo ndipo Bi Dama alipobadilika. Hakupandisha sauti, ila mikono ilihama mapajani ikashika kingo za kreti.

"Munga ni mkwe wangu," alisema. "Ndiye mume wa marehemu. Fundi wa simu, ana kioski Magongo. Tangu matanga yalipokwisha hajakanyaga hapa." Akaendelea. "Nilikataza simu siku ile. Nilisema hiki kilio ni changu, asikipige mtu picha wala asikinase. Kumbe mwenzangu alikuwa na simu mfukoni nami namlilia mkewe."

Swabra akaomba aongee na Kafedha. Bi Dama akamfungulia pazia.

Binti alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, miguu imevimba, macho yamezama. Hakuwa mkali. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Alisema usiku kucha amekuwa akijiuliza kama aende hospitali au asiende, na kila akiinuka anausikia ule wimbo kwa jirani, dukani, kwenye simu za wapita njia. Mamake amekwisha kumlilia kabla hajafa. Aende wapi tena?

Swabra alimwambia kwamba ule ni upuuzi wa redio, hauna nguvu ya kumfanya mtu chochote. Aliposema neno upuuzi alijuta. Kafedha aligeukia ukutani.

Bi Dama ndiye aliyepata njia. Alimvuta Swabra nje akamuuliza kama mwanzo wa wimbo nao aliukata.

"Mwanzo upi, mama?"

"Kabla sijaimba nilimtaja mwanangu. Sidi binti Thoya. Nilisema huyu ndiye ninayemlilia, si mwingine. Hilo lilikuwamo?"

"Halikuwamo. Sauti inaanza kwenye lala."

"Basi ndiyo maana. Umeuachia wimbo bila jina, unazunguka unatafuta mtu." Akamtazama usoni. "Lirudishe jina. Huko huko ulikoutoa."

Saa tano, saa ya kipindi cha Rashad, ilikuwa inakaribia. Swabra akampigia Rashad tena, akamwomba dakika mbili za hewani. Rashad akasita. Kumruhusu mtu azungumze vibaya juu ya tangazo lililolipiwa ni kujitafutia kufukuzwa. Swabra hakumbembeleza, alimweleza tu kwamba kuna mwanamke ndani ya chumba anayekufa kwa kusikiliza redio yake. Rashad akavuta pumzi, akamwambia asikate simu.

Bi Dama akaiwasha redio, akaiweka karibu na kichwa cha Kafedha. Swabra alisimama nje, karibu na tangi la maji, sauti zisigongane.

Alisema jina lake kamili. Alisema wimbo wanaousikia siku hizi kwenye tangazo la uzazi ni yeye aliyeuweka, na si wa kubembeleza mtoto. Ni kilio cha Bi Dama Thoya kwa bintiye Sidi, aliyekufa miaka mitatu iliyopita. Hakumwomba mwenyewe ruhusa wala hakujua kwamba mwenyewe yupo. Anaomba radhi kwa marehemu, kwa mamake na kwa kila aliyesikia. Kisha akampa simu Bi Dama, aliyekuwa amemfuata nje, naye akasema maneno yale yale aliyoyasema kaburini, kwa Kigiriama, jina la Sidi likiwa mbele.

Kama angekomea hapo, juma hili ningekuwa nawaandikia habari njema.

Simu iliporudi mkononi mwake, Rashad aliuliza, kwa kawaida ya watangazaji, huyo aliyeweka wimbo mtandaoni ni nani.

Swabra angeweza kusema hajui vyema. Angeweza kusema bado anachunguza. Lakini asubuhi nzima alikuwa mkosaji peke yake: kwa Sista Fancy, kwa Bi Dama, kwa binti aliyegeukia ukutani. Sasa kulikuwa na nafasi ya kuugawa mzigo.

"Anaitwa Munga," alisema. "Fundi wa simu, Magongo. Ni mume wa marehemu mwenyewe. Aliiba kilio cha mkewe akakigawa bure kwa dunia."

Alipokata simu alihisi kifua kimepungua uzito. Aliniambia hilo bila kuficha, nami nimeahidi kutoficha.

Ndani, Kafedha alikuwa ameketi. Alikuwa akilia, ila kilio chenye uhai. Akasema yuko tayari.

Jirani mmoja, Jefwa, alikuwa na gari. Bi Dama akapanda mbele na mfuko wa nguo za mtoto. Swabra akakaa nyuma, kichwa cha Kafedha kikiwa juu ya paja lake, barua ya Sista Fancy mkononi. Sista alikuwa ameituma kwa bodaboda, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: haraka. Walishuka barabara ya Malindi vizuri, lakini kabla ya daraja la Nyali magari yakasimama. Lori lilikuwa limekatika ekseli katikati. Nyuma yao foleni ikajaa. Hakukuwa na kwenda mbele wala kurudi.

Maumivu yakamjia Kafedha, yakampita. Akafungua macho.

"Dada," alinong'ona. "Mbona umemtaja Munga?"

"Ndiye aliyeiba."

"Hakuiba."

Swabra alidhani hakusikia vizuri. Akainama.

"Nilirekodi mimi," Kafedha alisema. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Nilificha simu ndani ya leso. Nilitaka nibaki na kitu. Baadaye simu ikaanza kufa, nikampelekea Munga. Nikamwambia, shemeji, itoe hii sauti uiweke mahali ambapo haitapotea kabisa. Akaiweka. Mimi sikujua ni wapi, na yeye aliapa hatanitaja kwa mama. Ndiyo maana haji nyumbani. Hawezi kumtazama mama akamdanganya."

Yale maneno chini ya wimbo, nimerekodi mwenyewe, yalikuwa uongo, lakini uongo wa mtu anayemsitiri mwenziwe. Na zile sauti nyingine arobaini na mbili, je? Labda zote alizirekodi kwa mikono yake na kwa idhini ya wenyewe. Labda hapana. Swabra hakujua. Hakumpigia simu hata mara moja kumuuliza. Aliona jina, akaona yanayofanana na ukweli, akayachukua akayatia hewani. Kwa mara ya pili.

"Usimwambie mama," Kafedha alisema, akamshika kifundo cha mkono. "Si leo. Alikataza. Akijua ni mimi niliyeutoa ule wimbo nje, na wimbo wenyewe umenirudia mimi, ataamini nimejizika mwenyewe. Nami nitaamini. Niapie."

Uso wake ulikuwa umejaa jasho, na mshipa wa shingo ulikuwa ukipiga upesi mno.

"Wallahi simwambii," Swabra alisema.

Kafedha akafumba macho. Mbele, Bi Dama alikuwa ameteremsha kioo, akiwasihi wenye pikipiki wawapishe.

Simu ya Swabra ikatetemeka. Sista Fancy. Akadhani anauliza wamefika wapi, akaanza kumweleza habari ya lori. Sista Fancy akamkatiza.

"Sikiliza. Niko juu ya ghorofa ya kliniki, naiona Magongo yote. Watu wamekizunguka kioski cha Munga, yule kijana uliyemtaja redioni. Wanasema wanamtoa mwizi wa maiti. Amejifungia ndani. Polisi tumewapigia, hawajafika."

Swabra akamtazama Kafedha.

"Rashad amenipigia," Sista Fancy aliendelea. "Simu yako haikushika. Anasema ana dakika moja ya hewani kabla ya habari, ni yako. Hao watu wana redio hapo hapo. Kama kuna neno la kuwarudisha nyuma, uliseme sasa. Je, kweli aliiba?"

Sauti ya Sista ilivuma ndani ya gari, na Kafedha alikuwa amesikia. Vidole vyake vilikaza kwenye kifundo cha Swabra mpaka kucha zikaingia, naye akawa anatikisa kichwa polepole, macho yamefumba.

Bi Dama aligeuka kutoka kiti cha mbele, akawatazama wote wawili.

"Ni nani huyo?" aliuliza. "Wanasemaje juu ya Munga?"